Shindwa Kila Siku, Ila Andika Tarehe

Sikia, ndugu yangu. Bosi anayekunyanyasa huwezi kumshinda kwa mdomo. Yeye ana meza kubwa, ana sahihi inayopitisha likizo yako, na mdomo wake umezoea kazi hiyo kwa miaka. Ukijibizana naye kikaoni utakuwa na kesi ya utovu wa nidhamu kabla chai ya saa nne haijaletwa. Kwa hiyo mimi nitakufundisha kushindwa. Utashindwa kwa upole, tena kila siku, mpaka azoee. Na kila ukishindwa, utaandika tarehe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye kweli

Usiharakishe kumwita mtu mnyanyasaji. Kuna bosi mnoko, na unoko si kosa. Mnoko anataka ripoti Ijumaa, anaitaka Ijumaa kwa kila mtu, na ukimletea Alhamisi atanyamaza. Huyo ukimshtaki utaaibika bure.

Mnyanyasaji ana mtu wake. Kikao kimesogezwa kutoka saa nne kwenda saa tatu, wote wameambiwa isipokuwa wewe, halafu unaulizwa mbele ya watu kwa nini unachelewa. Kazi unayoiweza umenyang'anywa, umepelekwa kuhesabu makaratasi ya stoo. Au umepewa kazi ya watu watatu saa kumi na nusu jioni, inatakiwa kesho asubuhi. Likizo yako "inashughulikiwa" tangu Machi. Umebandikwa jina la utani linalogusa kabila lako, au mwili wako, au mtoto ambaye hujampata, na wenzako wanacheka kwa sababu aliyelitunga ndiye anayesaini posho zao. Ujumbe wa kukukaripia unatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi saa tano usiku, ili ulale nao.

Kipimo changu ni kimoja: kazi ikiwa nzuri, kelele zinakwisha? Zikikwisha, una bosi mkali. Zikihama tu kutoka sababu hii kwenda ile, umempata mtu wako. Wala si lazima awe bosi. Anaweza kuwa jirani yako wa meza, au kikundi kizima cha majungu kinachonyamaza ukiingia.

Na usidanganywe kwamba lazima yatokee mara mia ndipo yahesabiwe. Juni 2019, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190, unaosema ukatili na unyanyasaji kazini unaweza kuwa tukio moja tu au mengi, na madhara yake yanaweza kuwa ya mwili, ya akili, ya kingono au ya mfukoni. Unagusa hata safari za kikazi na ujumbe wa simu. Majirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023.

Hatua ya 2: Mnyime jukwaa

Anapofoka, kuna watu anaotaka wamsikie. Wewe sema, "Sawa kiongozi, nimekuelewa," ukae. Usitabasamu, atasema unamdharau. Usilie mbele yake kama unaweza; ukilia, si aibu, nenda nje unywe maji. Lile jibu tamu lililokuja kwenye ulimi wako, lile ambalo ofisi nzima ingelisimulia mwaka mzima, limeze. Najua linauma. Kila mtu anapenda kuonekana shujaa mbele ya wenzake, na mnyanyasaji anakitegemea hicho hicho: wewe utoe jibu, yeye apate sababu ya kukulima barua.

Hatua ya 3: Mfanye aandike

Hapa ndipo penye njia ya mkato. Mnyanyasaji mzoefu haandiki. Anasema koridoni, anasema kwa simu, anasema mlango ukiwa umefungwa. Lakini ana udhaifu mmoja ambao sijaona bosi wa aina hiyo akaukosa: anapenda kuonekana anaelekeza. Basi mpe nafasi aelekeze.

Akitoka kukufokea saa tano asubuhi, saa sita mwandikie barua pepe ya adabu: "Kiongozi, nashukuru kwa maelekezo ya leo. Nimeelewa kwamba niache taarifa ya mauzo, nihamie stoo kuanzia kesho, na kwamba ombi langu la likizo limekataliwa. Kama kuna mahali sikuelewa vizuri, naomba unisahihishe." Basi. Usiweke lawama hata moja. Akijibu "Sawa", amesaini. Akijibu kwa hasira, amesaini kwa herufi kubwa. Akinyamaza, barua yako ipo, ina saa na tarehe, naye alikuwa na nafasi ya kukanusha akaiacha.

Usidhani maneno ya kikaoni hupotea hewani. Oktoba 2006 mkuu wa kampuni ya simu ya Ufaransa, France Télécom, Didier Lombard, alikuwa akizungumza na mameneja wake juu ya mpango wa kupunguza watu 22,000. Akasema wataondoka kwa njia moja au nyingine, kwa dirisha au kwa mlango. Kuna mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao kile. Miaka iliyofuata wafanyakazi kadhaa walijiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris ilimtia hatiani Lombard na wakubwa wenzake kwa unyanyasaji kazini, na kampuni ikapigwa faini ya euro 75,000. Ilichukua miaka 13, lakini sentensi ile ilikuwa bado ipo kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Nunua daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha, lisiwe la ofisi. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Usiandike "alinidhalilisha". Andika "alisema mimi ni mzigo, mbele ya watu sita, chumba cha mikutano". Andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya wiki iliyopita imekwisha kuchanganyika na hasira, na msuluhishi atakayekusikiliza anaijua tofauti.

Daftari lilale nyumbani. Picha za ujumbe wa WhatsApp zihifadhi mahali pengine pia, maana simu huibiwa na makundi hufutwa. Ukianza kukosa usingizi au moyo kukuenda mbio kila Jumapili jioni, nenda hospitali umweleze daktari chanzo chake, akiandike kwenye faili. Kwanza kwa ajili ya afya yako. Faili litakufaa baadaye.

Hatua ya 5: Salimia watu

Mlinzi wa getini anajua nani aliondoka akilia. Mama wa chai anaingia vikaoni bila kuonekana. Dereva amesikia simu zote za bosi kati ya Posta na Mwenge. Wasalimie, waulizie watoto, usiwaombe kitu. Na usigombane na chawa wa bosi. Leo anamsifia, lakini mnyanyasaji huchoka na chawa wake kama anavyochoka na kila mtu, na siku hiyo atakuja kukaa mezani kwako na habari nyingi kuliko ulizonazo wewe.

Hatua ya 6: Lalamika hata kama unajua hutasikilizwa

Watu wengi huiruka hatua hii. "Afisa rasilimali watu ni shemeji yake, niende kufanya nini?" Nenda ukashindwe rasmi. Andika barua fupi ya malalamiko, toa nakala, mpokeaji akusainie au akugongee mhuri kwenye nakala yako, na umpelekee mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Kanuni za ajira za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka mfanyakazi anayedai alisukumwa aache kazi awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Barua yako isipojibiwa, ukimya wao nao ni ushahidi.

Iandike kwa Kiswahili. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na utalieleza jambo lako vizuri zaidi kwa lugha unayopigia hesabu sokoni.

Kama unanyanyaswa kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri au virusi vya UKIMWI, itaje sababu hiyo waziwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ubaguzi, na ukishaonyesha kwamba jambo lina msingi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Mahali ambapo hutakiwi kushindwa

Akikutaka kimapenzi, mafunzo yangu yote ya upole yaweke pembeni. Mkubwa anayedai ngono ili akupe kazi, cheo, safari au mkataba anafanya kosa la rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113, ni namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa. Ukiwa Kenya, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya Ajira ya 2007 awe na tamko la maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono; liombe, lisome. Akikugusa, nenda polisi leo, daftari utaliandika ukirudi.

Hatua ya 7: Usiache kazi Ijumaa

Nakwambia haya kwa sababu mimi nililipia. Miaka yangu ya mwanzo, katika ofisi moja ya hapa Dar es Salaam, nilivumilia karibu miaka miwili, halafu Ijumaa moja mchana nikaandika barua ya mistari miwili: naacha kazi kwa sababu binafsi. Nilitoka kichwa juu, nikaiacha barua mezani kwake kama mtu aliyeshinda. Sababu haikuwa binafsi hata kidogo. Sababu ilikuwa na jina na ilikuwa inakaa ghorofa ya tatu. Nilipompelekea mwanasheria nakala, aliisoma, akaniuliza kama nina kitu kingine chochote cha maandishi. Sikuwa nacho. Akanirudishia karatasi yangu.

Sheria ilikuwa upande wangu, na iko upande wako. Inasema kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri aliifanya isivumilike huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Lakini wewe ndiye wa kuonyesha kwamba haikuvumilika, na maneno "sababu binafsi" yanakukana kwa mwandiko wako mwenyewe. Kama ni lazima uondoke, andika kinachokuondoa, na utaje barua zako za malalamiko kwa tarehe zake.

Halafu usikae nyumbani kupumzika. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Unajaza fomu CMA F1 na kumpa mwajiri nakala. Kwanza mtakaa na msuluhishi, ambaye kwa kawaida ana siku 30 za kuwapatanisha; ikishindikana, jambo linakwenda kwa mwamuzi. Kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, dai la kuachishwa isivyo haki halikuhusu, kwa hiyo meza hasira yako mpaka mwezi wa saba ukiweza. Mtumishi wa umma ana njia yake: lazima amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Nimeona watu wenye haki kubwa kuliko yangu wakifika siku ya 45 na kuanza kueleza kwamba walikuwa wakisubiri bosi atulie. Kuna fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi.

Basi usingoje siku ya vita. Jioni ya leo, ukishuka kwenye daladala, pita dukani ununue daftari, andika tarehe ya leo juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno aliyokwambia asubuhi.