Barua ya Wazi kwa Bâtonnier wa Haut-Katanga Kuhusu Bei Isiyoandikwa

Mheshimiwa Bâtonnier, mkuu aliyechaguliwa na mawakili wenzake kuongoza baro, yaani chama chao cha kisheria, mjini Lubumbashi,

Wakaaji wa Ruashi, komine ya Lubumbashi, wanaiheshimu elimu ya kila Maître, kama wakili anavyoitwa, na hasa wanaustaajabia ufundi wake wa hesabu, kwani mteja akileta kesi ya parseli, yaani kiwanja, iliyouzwa mara mbili, ada huonekana kupimwa kwanza kwa kutazama kama amevaa sare ya mgodi au anauza makaa, kisha kwa idadi ya ndugu waliomsindikiza, na mwisho, muda ukibaki, kwa uzito wa kesi yenyewe. Jumla hutajwa kwa dola hata kama mteja anapata faranga, na risiti hungoja hukumu, ambayo nayo hungoja.

Ni kweli kwamba wakili hulipa kodi ya ofisi na hupoteza siku nzima kesi inapoahirishwa, kwa hiyo ada si dhambi; kinachokosekana ni kipimo. Nchini Ubelgiji, ambako kanuni nyingi za uwakili wa Kongo zilichotwa, sheria ya 1967 inawataka mawakili wakadirie ada kwa kiasi, na baraza lao linaweza kuipunguza ikivuka mpaka. Ruashi mpaka huo haujulikani, labda kwa sababu nao umeuzwa mara mbili.

Kuna mambo ambayo baro imeyatunza vizuri kuliko siri za wateja. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, inayopanga kazi hiyo, inajua ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, ambao huthibitisha hali yao kwa cheti cha ufukara, karatasi ambayo mara nyingi huombwa kwa pesa. Sheria hiyohiyo inawatambua watetezi wa mahakama, wasio mawakili kamili, ambao hawasimami mbele ya mahakama ya rufaa lakini husimama katika mahakama za chini, kwa kawaida kwa ada nafuu. Na ibara ya 19 ya Katiba ya 2006 inamruhusu mshtakiwa kujitetea mwenyewe, bila kulipa chochote isipokuwa ujasiri.

Kwa hiyo Bâtonnier anaombwa abandike kwenye ukuta wa ofisi ya komine karatasi moja ya Kiswahili, lugha ambayo ibara ya kwanza ya Katiba inaihesabu kati ya lugha nne za taifa, inayotaja ada ya chini na ya juu kwa mirathi, parseli na mtu aliyekamatwa, pamoja na siku na mlango wa ofisi ya ushauri wa bure. Mpaka karatasi hiyo ibandikwe, mkaaji wa Ruashi aulize bei kwa mawakili wawili au watatu, adai mapatano ya maandishi, na asitoe malipo ya kwanza bila risiti.