Barua ya Wazi kwa Baraza Dogo la Falme Saba

Mkulima asiye na nembo,
Kando ya mto Trident,
Riverlands.

Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza Dogo,
Red Keep, King's Landing.

YAH: MAOMBI YA KUHAMISHIWA VITA MIKOA MINGINE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa kuziongoza vyema Falme Saba, ambazo kwa hesabu zetu za kijijini ni mikoa tisa. Najua Aegon, aliyeziunganisha, alipotua na majoka yake alikuta falme saba, jina likaganda. Mfalme wa kwetu alikuwa Harren Mweusi, mtu wa Iron Islands, aliyewatumikisha babu zetu miaka 40 kujenga Harrenhal. Ikakamilika siku ileile Aegon alipotua, na joka Balerion akaibanika. Ujira wa miaka hiyo bado tunaufuatilia.

Waheshimiwa, shida yetu ni mahali tulipo. Bwana George R. R. Martin, aliyetuleta duniani kwa riwaya yake ya mwaka 1996, aliwapa Vale milima, North akawapa vinamasi vya Neck, Iron Islands bahari pande zote. Dorne ana jangwa lililowashinda hata wenye majoka, mpaka ikabidi aposwe. Sisi tulipewa mito mitatu, udongo mzuri na tambarare isiyo na hata kichuguu cha kujifichia. Basi wakubwa wakikosana, wanakuja kumalizana shambani kwetu.

Chukueni kesi ya Tyrion Lannister. Mshtakiwa, mtu wa Westerlands. Mlalamikaji, Lady Catelyn, mke wa bwana wa North (ni binti yetu wa ukoo wa Tully, hilo silikatai). Kosa lenyewe, kutaka kumuua mtoto, lilitendeka Winterfell. Kesi ikasikilizwa Eyrie, huko Vale. Vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya kesi hiyo ni Sherrer, Wendish Town na Mummer's Ford, vyote vya Riverlands.

Pale Sherrer kuna mtu alikuwa na kilabu chake cha pombe karibu na daraja la mawe. Wavamizi wakaja, wakanywa wakatosheka, iliyobaki wakaimwaga, kisha wakatia moto paa. Waathirika walipofika mbele ya Kiti cha Chuma, wakahojiwa kama wana hakika jitu waliloliona ni Ser Gregor Clegane, maana wavamizi hawakubeba bendera. Mtu wa kimo kile bendera ya nini?

Huo ukoo wa Clegane nao una habari yake. Babu yao alikuwa mtunza mbwa wa akina Lannister. Alimwokoa bwana wake kwa simba jike, mguu ukaenda na mbwa watatu wakafa, akazawadiwa ardhi na nembo ya mbwa hao. Alistahili, sina wivu. Ila kabla ya moto wetu, mdogo wake Gregor, Sandor, alitoka kwenye mashindano ya Mkono wa Mfalme na sarafu za dhahabu 40,000. Hazina wakati huo ilikuwa ikidaiwa zaidi ya 6,000,000, karibu nusu yake na Lord Tywin Lannister. Yaani Tywin anawakopesha, ninyi mnamtuza mtu wake, na kaka wa huyo mtu anakuja kutuchomea. Mzunguko wa fedha wa namna hii ni wa kupendeza, isipokuwa kijijini kwetu unafika ukiwa umeshika mwenge.

Koo zenu zina kauli nzuri nzuri. Tully wanasema familia, wajibu, heshima, na sisi wapangaji wao tunajitafuta humo hatujioni. Greyjoy wanasema hawapandi. Hao nawaheshimu: walitutahadharisha mapema.

Kwa hiyo naomba vita vijavyo viende kwa zamu, vianzie Vale. Wafalme watano walipopigana, mabwana wa Vale hawakutoa hata askari mmoja, hivyo maghala yao yamejaa na majani ya farasi yapo tele. Wakileta udhuru wa milima, pelekeni Highgarden. Akina Tyrell hujisifu kwamba wanakua na kupata nguvu, na vita vimoja havitawadumaza.

Ombi hili likikwama, basi nasi tupewe nembo. Tunapendekeza sufuria tupu katika uwanja wa majivu. Rangi tutajitegemea, majivu tunayo.

Wenu mtiifu,
(dole gumba)

Nakala: Lord Walder Frey, The Twins. Apelekewe mapema. Kwenye mapigano ya Trident alifika yakiwa yamekwisha.