Usicheze Kabla ya Sebene: Mwongozo kwa Mgeni wa Dzaleka

Anza kwa kuvaa viatu vyeupe. Kila mwaka mnavaa, nami sina sababu ya kuwanyima raha hiyo. Tamasha la Tumaini, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, miaka mingi limeangukia mwanzoni mwa Novemba, jua likiwa limekwisha kuikaanga nchi na mvua bado haijabisha hodi, na udongo wa huku kwetu Dowa, Malawi, ni mwekundu. Ikifika saa tisa alasiri viatu vyako vitakuwa na rangi ya kambi. Utavifua Lilongwe mara tatu na rangi itabaki. Sisi tunavielewa: ukishaandikishwa hapa, kutoka ni shughuli.

Usafiri ni rahisi, hasa ukiwa huna haraka. Nenda stendi ya Lilongwe, tafuta minibasi za kaskazini. Konda atakuapia kwamba gari limejaa na linaondoka sasa hivi. Chungulia ndani. Ukiona vijana watano wametulia tuli, hakuna mwenye hata mfuko wa plastiki, wala hakuna anayelalamikia joto, ujue hao si abiria, ni mapambo. Watashuka mmoja mmoja kadiri wenye nauli wanavyopanda. Wewe ingia, kaa dirishani, uzeeke. Gari likiondoka mnashika barabara ya M1, mnaipita Lumbadzi, kisha unashuka njia panda na kupanda kabaza. Kabaza inaweza kuwa pikipiki. Inaweza pia kuwa baiskeli, na hapo penye mlima utashuka utembee huku nauli yako ikiendelea kupanda. Safari nzima ni kilomita 40 na ushei. Usihesabu kwa saa.

Njiani utaona ajabu moja: kila mtu anauliza njia ya kwenda Dzaleka. Hapa pana historia ndefu ya watu kupelekwa, si ya watu kuja wenyewe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe husemwa limetokana na ahadi ya mfungwa kwa Kichewa: nitaacha, sitarudia tena. (Wageni wengi wa tamasha huitoa ahadi hiyohiyo Jumapili asubuhi, wameshika vichwa.) Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi, nasi tukaanza kuingia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2014 mkimbizi mmoja wa Kikongo, mshairi na mwanamuziki Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, akaanzisha tamasha humuhumu kambini, kiingilio bure. Ukiniuliza mimi, hesabu ilikuwa nyepesi: kama mkimbizi haruhusiwi kwenda kukaa mjini, basi mji na uje kukaa kwa mkimbizi.

Usiogope kukosa watu wa kucheza nao. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hivi na sasa tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, kwa hiyo hata kinyozi wako wa Lilongwe huenda ukamkuta hapa. Msalimie vizuri. Nafasi ya kucheza ipo, ila utacheza kwa kwenda juu.

Jambo linalowapoteza wengi ni majina ya mitaa yetu. Tuna Kawale na Likuni, kama Lilongwe. Tuna Zomba, tuna Blantyre. Mwenyeji akikwambia anakaa Blantyre usishike kichwa ukidhani utasafiri usiku kucha kwenda kusini. Ni hapo nyuma ya kisima. Nami ni mtu niliyetembea sana Malawi. Asubuhi natoka Blantyre, napita Zomba kusalimia, narudi kabla ya chai kupoa, na hakuna askari aliyewahi kuniuliza kibali. Nikitaka kwenda Blantyre ile nyingine, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Haya, jukwaani. Ratiba itasema bendi ya kwanza ni saa nne. Ratiba ni maandishi ya ubunifu, isome kwa heshima hiyo. Saa nne utamkuta fundi mitambo peke yake akisema kwenye maikrofoni: moja mbili, moja mbili. Saa sita bado yuko palepale na tatu haijafika. Usimcheke. Siku atakayofika tatu umeme utakatika.

Watakaokuokoa na uchovu huo ni wapiga ngoma wa Kirundi, kwa sababu ngoma zao hazina waya. Huingia wakiwa wamezibeba kichwani huku wanazipiga, mizigo ambayo wewe ungeikodia gari, kisha huzipanga nusu duara na moja katikati. Mwaka uleule wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watoto wetu hawana habari na orodha. Wao wamejifunza wakipiga madumu ya maji ya lita 20, na mama zao wakilia kwamba dumu limepasuka. Simama mbali kidogo. Mpiga ngoma wa Kirundi anaruka juu kupita mabega ya mwenzake, na mahali atakapotua anapajua yeye tu.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wageni wanapojiaibisha. Bendi ya Kikongo ikipanda, wimbo utaanza polepole. Mwimbaji atalalamika juu ya mwanamke aliyemwacha. Gitaa litakuwa linabembeleza. Wewe utasikia damu inachemka, utaruka katikati ya uwanja na kuanza kutikisa kiuno. Kosa kubwa. Hiyo ni sehemu ya kusikiliza. Watu wazima hapo husimama, mkono mmoja mfukoni, wakitikisa kichwa kama wanaoafiki hukumu. Mtu anaweza hata kufumba macho. Ukicheza muda huo ni sawa na kumkatiza mfiwa.

Ngoja. Mwimbaji atamaliza shida zake. Ngoma zitabadilika, gitaa la solo litapanda juu na kuanza kuzunguka palepale, sauti moja ikiuma mkia wa nyingine, na yule mpiga kelele wa bendi atashika maikrofoni. Hiyo ndiyo sebene. Mzee aliyekuwa kama ana kesi mahakamani atautoa ule mkono mfukoni, atakunja magoti nusu, na hutamwona tena kabla ya dakika kumi na tano kwisha. Hapo sasa cheza, ndugu yangu. Cheza mpaka viatu visahau vilikuwa vyeupe.

Mpiga kelele akitaja majina ya watu, hilo ni libanga: jina hupandishwa kwa heshima au kwa fedha, na mara nyingi kwa fedha. Usishangae kwamba lako halijatajwa. Wamalawi wao wana njia fupi zaidi, wanaita kufupa: unamfuata mchezaji aliyekukuna roho na kumpa kwacha zako mbele ya watu. Fanya hivyo. Usitoe noti kubwa ukaomba chenji.

Ukisikia njaa utaingia kwenye mgogoro ambao hakuna mkutano ulioweza kuusuluhisha. Mmalawi atasema anakula nsima, Mtanzania ataita ugali, Mkongo bugali, na kila mmoja atadai wa mwenzake haujaiva. Chukua sombe, yaani kisamvu, chukua samaki, nyamaza.

Usiku, kama umeomba kulala kwa wenyeji badala ya kurudi Lilongwe, utapokewa katika nyumba ya matofali ya udongo ambako watoto wamehamishiwa kwa jirani ili wewe upate kitanda. Hutaambiwa, na ukiuliza watakana. Uliza mtoto wa kwanza anaitwa nani kabla hujamwita mwenye nyumba, kwa sababu atakuwa Mama wa huyo mtoto na si vinginevyo. Akikwambia "chakula iko tayari, mukaribie," wewe uliyesomea Dar es Salaam usimsahihishe. Mwenye mwiko ni yeye.

Asubuhi tutakusindikiza mpaka barabarani. Utatupa namba ya simu, utasema tusikose kuja kwako Area 25, Lilongwe, tule chakula cha mchana, nasi tutaitikia kwa furaha, tutauliza hata ni nyumba ya rangi gani. Minibasi itasimama. Konda atapiga bati, atanitazama mimi na kusema nafasi moja bado ipo, mzee, panda twende. Unisaidie kumjibu, wewe uliye ndani ya gari. Mwambie huyo hapandi, ana wageni wengine.