Kabla Hujashika Sururu: Mwongozo wa Kulichungulia Bomba la Majitaka

Kila masika yakianza, choo cha nyumbani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, kilikuwa kinagoma. Unamwaga ndoo ya maji, maji yanapanda badala ya kushuka. Chemba ya uani inacheua, na harufu inawapokea wageni kabla ya mwenye nyumba. Mwaka wa kwanza alilaumiwa mpangaji wa chumba cha tatu. Mwaka wa pili akalaumiwa mke wa mtoto. Mwaka wa tatu akaitwa mzee asome dua, kisha akaitwa fundi, akavunja sakafu ya uani mahali patatu. Kote alikochimba akakuta bomba zima. Akalipwa, akaondoka, na mvua ikanyesha tena.

Mwaka wa nne akaja kijana na kamera. Robo saa haikuisha, nyumba nzima ilikuwa imejazana nyuma ya mabega yake. Mita saba na nusu kutoka kwenye chemba, mizizi ya mwarobaini ilikuwa imepenya kwenye kiungo cha bomba, imefumka mle ndani kama ndevu, nayo imenasa vipande vya nguo na machicha ya nazi. Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa ameshahama zamani.

Wewe mwenye nyumba wa Chumbageni, Makorora, Pangani au Muheza unayenoa sururu sasa hivi, iweke chini kwanza. Fuata haya.

1. Acha kutafuta mchawi, uliza maswali

Je, kimeziba choo kimoja au vyote? Kikigoma kimoja na vingine vinapitisha, kasoro iko palepale karibu na bakuli. Vikigoma vyote kwa pamoja, tazama bomba kubwa linalotoka nyumbani kwenda kwenye septiki.

Je, tatizo linakuja na mvua? Huenda kuna mtu aliyeelekeza maji ya bati kwenye chemba ya choo. Je, linakuja na bamvua na kupoa maji mafu yakifika? Kama nyumba yako iko bondeni karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda na bahari, shimo likakosa pa kumwaga. Hilo huwezi kulizibua kwa mwanzi. Andika tarehe za tatizo, kisha muulize mvuvi yeyote bahari ilikuwaje siku hizo.

2. Anza kwenye shimo

Fungua kifuniko cha septiki. Ikiwa imejaa hadi mdomoni, bomba lako huenda halina kosa lolote: ita gari la kunyonya majitaka. Watu wengi wamechimbua bomba zima kwa sababu ya shimo lililojaa.

Hapa sikiliza vizuri. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na shimo, kwa kuwa mna gesi inayowaka. Usimshushe mtu humo, hata kijana mwenye nguvu, hata kwa dakika moja. Ile harufu ya mayai viza ni ya sumu, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani hewa imekuwa safi. Akianguka, anayeshuka kumwokoa naye huanguka. Watoto wakae mbali, na kifuniko kirudi mahali pake ukimaliza.

3. Ijue kamera yenyewe

Kamera ya fundi wa kazi hii ni kichwa kidogo cha chuma chenye kioo kigumu na taa zilizokizunguka, kilichofungwa kwenye waya mrefu. Waya huo ni mgumu kiasi cha kusukumika mbali, na laini kiasi cha kupinda kwenye kona. Umezungushwa kwenye gurudumu linalohesabu mita kadiri unavyoingia, na picha inaonekana hapohapo kwenye kioo.

Zipo pia kamera ndogo za kuchomeka kwenye simu, zenye waya wa mita chache. Zinafaa kutazama chini ya sinki au kona ya kwanza ya choo. Kwenye bomba la inchi nne lenye urefu wa uani, waya wake hujikunja, na mwanga wake haufiki mbali. Usimlipe mtu bei ya kamera kubwa akaja na ile ya simu.

4. Safisha ndipo utazame

Kamera haina macho ya kuona ndani ya uchafu. Ukiisukuma kwenye bomba lililoziba utaona rangi moja tu, ya kahawia. Kwanza lizibuliwe, lipitishiwe maji mengi, kisha kamera iingie kupitia chemba. Wakati inatembea, mtu mmoja amwage maji polepole kutoka chooni. Maji yanayotembea yanaonyesha yanapokwama.

5. Jifunze kusoma picha

Simama karibu na fundi, usiende kupika chai. Ukiona nyuzi zinaning'inia kutoka kwenye kiungo, hiyo ni mizizi. Mti hufuata unyevu unaovuja, kwa hiyo mahali pa mizizi pana ufa au kiungo kibovu. Ukiona ukingo wa bomba umesimama kama ngazi, mabomba mawili yameachana. Ukiona udongo au mchanga ukichungulia ubavuni, bomba limepasuka. Na utando mweupe mzito juu ya maji ni mafuta ya kupikia yaliyoganda.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapita wengi: kamera inazama majini kwa mita moja au mbili, kisha inaibuka tena. Mafundi wanasema bomba lina tumbo. Ardhi imetitia, au tangu siku ya kwanza lililazwa bila mteremko. Kanuni inayotumika kwa bomba la inchi nne ni kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40, yaani sentimita 25 kwa mita 10. Fundi aliyelaza bomba kwa kukadiria kwa jicho, bila uzi wala pima maji, amekujengea bwawa chini ya sakafu. Tumbo halizibuliki. Bomba hulazwa upya.

6. Chimba mahali pamoja

Kamera nzuri hubeba kifaa kidogo kinachotoa mawimbi, na fundi akiwa juu na kipokeaji chake hukifuata hadi mahali kilipo na kukisia kina chake. Kama hakipo, soma mita kwenye gurudumu, pima kwa tepu juu ya ardhi ukifuata njia ya bomba, piga alama ya chokaa. Hapo sasa chukua sururu. Sakafu inavunjwa mara moja, na gharama ni ya shimo moja.

Dai video yenye tarehe na mita, ihifadhi. Ukiuza nyumba, ukigombana na jirani kuhusu mpaka, au fundi mwingine akija na hadithi yake, hiyo ndiyo shahidi wako. Baada ya matengenezo, kamera irudi ndani mara ya pili. Fundi anayekataa kurudiwa kazi yake, usimmalizie malipo.

7. Tibu chanzo

Mizizi ikikatwa bila kubadilisha kiungo, itarudi. Machicha wape kuku. Mchanga wa kusugulia sufuria ubaki uani, usiingie sinki. Mafuta yaliyotumika yamwage kwenye kopo. Pedi na nepi ziende kwenye taka. Maji ya bati yapewe njia yake. Na usipande mti kwenye njia ya bomba. Kivuli kitafutiwe upande mwingine.

Mtandao wa majitaka wa Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji, unafikia sehemu ndogo ya mji. Wengine sote tunategemea septiki na mashimo. Uliyeungwa kwenye mtandao, kasoro ikionekana upande wa barabara, ripoti kwa mamlaka wala usichimbe. Iliyo ndani ya ua ni yako.

Na iliyo ndani ya ua haibaki ndani ya ua. Tanga imekaa juu ya ukanda wa chokaa na matumbawe: ndiyo maana kuna mapango Amboni na kiwanda cha saruji Pongwe. Mwamba wa namna hii una nyufa na matundu, na maji machafu hupita humo haraka bila kuchujwa vya kutosha. Maji ya bombani tunayapata kutoka bwawa la Mabayani, lakini siku bomba likikauka tunarudi kwenye visima.

Hatari hiyo si ngeni: mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Mwaka uliofuata palichimbwa pembeni ya kisima cha pampu hiyo, likakutwa shimo la majitaka la nyumba namba 40, matofali yake yameoza, likiwa umbali usiofika mita moja, na uchafu umekuwa ukipenya kuelekea kisimani. Ukuta ulikuwa mbovu muda wote huo, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuuona. Sisi tunayo njia.

Kama bei ni kubwa kwa nyumba moja, changeni nyumba nne au tano za mtaa mmoja, muite fundi siku moja azunguke uani kwa uani. Fanyeni hivyo kiangazi, kabla ya masika. Ufa wa bomba lako unaweza kuwa unamwagia kisima cha jirani, na mtoto anayekunywa maji yale hajui linatoka wapi tumbo la kuhara. Litazame bomba lako.