Ni Upepo Tu

Kibanda cha nyuma ya nyumba, mjini Leicester, Uingereza. Usiku wa Jumamosi, mwezi Januari, mvua ya manyunyu. Mwenye nyumba ni mzaliwa wa Mombasa, na vyombo vyake vinasema Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha anayovitukania. BUNDUKI YA UPEPO, mpya, imeegemezwa kwenye friji bovu. KOPO LA MAHARAGE lina matundu 19. MIWANI YA KINGA bado imo ndani ya plastiki ya dukani. BIBI ZULIA, mkuukuu, amekunjwa pembeni. PAKA wa jirani ameingia kukwepa mvua.

BUNDUKI: Shikamoo, Bibi Zulia.

ZULIA: Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeua nini?

BUNDUKI: Niue nini, bibi? Mimi ni upepo tu. Springi inabanwa, inaachiwa, hewa inasukuma. Pampu ya baiskeli ni ndugu yangu wa tumbo moja.

KOPO: Pampu ya baiskeli haijanitoboa hata mara moja.

BUNDUKI: Mzee Kopo, ule ni mchezo. Tena mchezo wa heshima! Tuliingia Olimpiki Los Angeles mwaka 1984, mita 10, na hatujatoka mpaka leo. Beijing 2008 nani alimpa Abhinav Bindra dhahabu, ya kwanza ya mtu binafsi kwa India nzima? Binamu yangu. Na yule Mturuki wa mwaka 2024, Yusuf Dikeç, mkono mmoja mfukoni, hana makorokoro usoni, miwani yake ya kawaida tu, akaondoka na fedha!

MIWANI: (sauti hafifu, ndani ya plastiki) Ya kawaida, lakini aliivaa.

BUNDUKI: Nani amesema?

KOPO: Miwani. Yuko hapo tangu siku uliyonunuliwa. Alikuja bure, zawadi ya duka.

BUNDUKI: Basi anyamaze, wakubwa wanaongea. Na kabla ya Olimpiki je? Babu yetu Girardoni alitumikia jeshi la Austria tangu karne ya 18. Lewis na Clark walipoanza kuivuka Marekani, 1804, walibeba bunduki ya upepo, na kila walikofika walikuwa wakiwaonyesha watu ili waheshimiwe...

ZULIA: Hebu subiri kidogo. Sasa hivi si ulikuwa pampu ya baiskeli?

KOPO: Polisi wakija, upepo. Wageni wakija, jeshi la Austria.

PAKA: (akijilamba) Kwa hesabu za hapa yeye si pampu. Sheria ya England inasema bunduki ya upepo ikizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, itafutiwe kibali kama bunduki nyingine. Huyu ameundwa aishie chini kidogo ya mstari huo. Kirisasi cha nusu gramu anakitoa kwa kasi inayokaribia mita 240 kwa sekunde.

ZULIA: Wewe paka umeyajulia wapi hayo?

PAKA: Nalala juu ya meza ya mwanasheria, bibi. Kule Uskoti, tangu mwisho wa 2016, hata wa chini ya mstari lazima awe na cheti. Angezaliwa Glasgow angekuwa na adabu.

BUNDUKI: Adabu ninayo. Asiyekuwa nayo ni bwana. Mimi naelekea anakonielekeza.

KOPO: Hapo umesema kweli. Wale wa Olimpiki wanalenga kumi ambayo ni nukta ya nusu milimita. Bwana wetu ananilenga mimi, kopo zima la gramu 400, anapata chungu cha maua.

ZULIA: Na huyo Bindra wako alijifunzia wapi?

BUNDUKI: Nyumbani! Ndiyo maana nasema mchezo huu ni wa nyumbani. Wazazi wake walimjengea uwanja wa kulengea nyumbani kwao.

ZULIA: Walimjengea. Umelisikia neno lenyewe? Ukuta, mwanga, na kitu cha kuzimeza risasi. Sisi tumejengewa nini?

KOPO: Pini nne na karatasi, kwenye uzio.

(Kimya. Mvua inagonga bati.)

PAKA: Ule uzio ni mbao nyembamba kama kaki. Pale kwenye shabaha pana tundu, ukisimama upande wetu jua la asubuhi linapenya kama tochi. Nyuma yake pana kinjia, halafu bustani yetu. Saa mbili na nusu asubuhi watoto wa shule hupita kwenye kinjia kile na mabegi yao. Na kirisasi kikivuka mpaka wa kiwanja bila ruhusa ya jirani, hilo ni kosa tayari, hata kama hakikumgusa mtu.

BUNDUKI: Aliyeweka uzio pale ni nani? Mimi?

KOPO: Bwana alinunua darubini ya kulengea. Bei yake inazidi yako. Akanunua koti la mabaka, kama vile mimi nina macho ya kumwona akininyemelea. Kikabaki kitu kimoja: cha kuweka nyuma yangu. Akasema pesa zimekwisha.

ZULIA: Na mimi nipo hapa miaka sita! Nikitundikwa mikunjo miwili, nikalegezwa, nisivutwe kama ngozi ya ngoma, kirisasi kikinigusa kinachoka chenyewe, kinaanguka miguuni. Nyuma yangu liwekwe sanduku la mbao nene, limeshindiliwa ule udongo laini wa mafundi umeme wa kuzibia mabomba. Kirisasi kikiingia humo hakitoki. Baadaye unauchokonoa, unakuta vimelala kama kokwa za tende.

BUNDUKI: Sanduku la udongo! Wageni wataonaje?

KOPO: Wataona kwa macho yote mawili. Umesahau ile siku ya gololi?

MIWANI: Mimi sijasahau.

ZULIA: Gololi gani tena?

KOPO: Vile virisasi bapa vya risasi laini vilikwisha. Bwana akaazima gololi za chuma, na bastola ya kuzifyatulia. Gololi haibondeki, bibi. Ikigonga kitu kigumu inarudi kwao. Alinipiga nimesimama mbele ya tofali, ikanipita sikioni, ikagonga tofali, ikamrudia hapa, juu ya nyusi. Sentimita mbili chini tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Mkewe alipouliza, akasema ameumwa na mbu.

PAKA: Leicester? Januari?

KOPO: Mkewe naye alicheka hivyohivyo.

MIWANI: Niko kwenye rafu. Mkono wake unanipita kila Jumamosi kwenda kuchukua kopo la virisasi. Plastiki yangu inakatwa kwa mkasi, na mkasi uko palepale.

ZULIA: Hivyo virisasi navyo. Nimemwona anavibana midomoni huku akivunja mtutu, kama fundi cherehani na pini zake. Kisha anakula sambusa. Waswahili hawakuyapa madini yale na kile kinachoua jina moja kwa bahati mbaya. Risasi ni risasi, ipite mtutuni au ipite kooni. Anawe mikono, hata hilo ni gharama?

BUNDUKI: Mbona lawama zote leo? Wiki iliyopita mtutu ulimfyatukia kidoleni wakati wa kupakia. Kwa nini? Hakuushika. Nilimpa funzo bure.

PAKA: Juzi nimemwona anachungulia mtutu, eti aone kama kuna kitu ndani.

MIWANI: Kwa jicho lipi?

PAKA: Lile zuri.

KOPO: Viwanjani, bunduki ikipumzika hupitishwa kamba ya rangi kali ndani ya mtutu, kila mtu aone kwa mbali kuwa ni tupu. Huyu anapumzishwa kwenye friji bovu. Lile kabati lina kufuli, sikatai. Ufunguo umetundikwa kwenye kabati hilohilo, na kikaratasi: UFUNGUO WA BUNDUKI.

PAKA: Na kesho anakuja mpwa wake. Miaka 12. Chini ya 14 lazima asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, asimame naye.

KOPO: Atasimama naye mpaka mpira uanze kwenye televisheni.

ZULIA: Laleni. Wewe Paka, njoo ulale hapa kwenye mkunjo wangu, pana joto.

(Jumapili, asubuhi. Mlango unafunguliwa. MJOMBA, mwenye plasta juu ya nyusi, anachukua bunduki. Mkono unaipita miwani. MPWA anamfuata hadi bustanini. Mlango wa kibanda unabaki wazi nusu.)

MJOMBA: Kanuni ya kwanza: usiiogope. Ni upepo tu.

MPWA: Mjomba, nyuma ya uzio kuna nini?

MJOMBA: Hakuna kitu.

MPWA: Umeangalia?

(Mjomba anacheka, anaweka bunduki chini, anainama kwenye tundu. Anaacha kucheka. Upande wa pili pana jicho.)

JIRANI: Habari za asubuhi. Nilikuwa nahesabu za upande huu. Tatu ziko kwenye pipa langu la takataka, moja kwenye soksi niliyoanika. Kulikuwa na ya tano, jana jioni.

MJOMBA: Ya tano...

JIRANI: Hiyo bado sijaiona. Na paka wangu hajarudi tangu jana.

(Kutoka bustanini hakusikiki neno. Ndani ya kibanda Zulia anajitikisa.)

ZULIA: Wewe. Amka, unatafutwa.

PAKA: Nimesikia, bibi. Nifunike vizuri. Nitatoka saa sita.