Sifa za Shangazi Mwenye Kaunta Buku

Mshahara wa Oktoba haujaingia, na tayari ujumbe umeshatua kwenye grupu la ukoo, saa kumi na moja alfajiri. "Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, tukumbushane kuhusu Krismasi." Chini yake kuna orodha, nyumba kwa nyumba: jina, idadi ya watoto, kiasi kilichotolewa, na kistari kirefu mbele ya kila ambaye hajatoa. Mwisho kabisa kuna agizo: "Anayetuma kwa simu aweke na ya kutolea."

Kila ukoo wa Kichaga ninaoufahamu una mtu wa namna hii, na mara nyingi ni shangazi. Anaulizia Krismasi wakati wenzake bado wanawaza kodi ya nyumba. Ukimjibu "tutaona", anakuuliza tutaona lini. Usipomjibu, anampigia mkeo. Watu wamelizima sauti grupu kwa ajili yake, na wapo wanaojifanya mtandao unasumbua kuanzia Novemba mpaka mbuzi achinjwe. Mimi namsifu, na ninachomsifia ni usumbufu huo huo.

Tuanze na barabara. Kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, halafu Himo, ambapo wa Marangu na Rombo wanaachana na wa Machame na Kibosho. Wiki ya kabla ya Krismasi nusu ya mji inataka kupita njia hiyo kwa wakati mmoja. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia, na bado watu wanajaa. Treni iliyorudi Desemba 2019, baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, haiondoki kila siku. Asiye na tiketi tarehe 22 anafika Kituo cha Magufuli kule Mbezi na mabegi, watoto wamechoka, mpiga debe amemshika mkono, na nauli anayotajiwa haijaandikwa popote. Mtu huyo atafika kijijini amenuna, na atakaa na hasira zake mpaka mwaka mpya. Shangazi alimuuliza mwanzoni mwa Novemba: "Mnakuja na gari la nani, na mnaondoka siku gani?" Swali lilimkera. Lakini angelijibu siku ile angekuwa na kiti chake.

Halafu kuna mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ambayo haijawahi kumsubiri mtu. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa juani, ndipo unasagwa. Ndizi zinakatwa na kuvundikwa mpaka ziive vizuri. Zikishaiva zinachemshwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa mpaka zigeuke rangi ya kahawia, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Baada ya hapo zinachujwa, unga wa ulezi unapikwa uji mwepesi, na kidogo cha gome la msesewa kinatiwa kuleta uchungu. Vikishachanganywa, vinalala tena. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25, utakuta ndizi inabidi zikatwe mapema Desemba, na ulezi uwe umeshanunuliwa kabla ya hapo. Bibi anayepika hawezi kuanza kwa ahadi. Anahitaji kuambiwa wanakuja watu wangapi, na anahitaji hela ya ulezi mkononi. Kwa hiyo shangazi anaposumbua mwezi wa kumi, anafuata tu ratiba ambayo pombe yenyewe iliiweka zamani, kabla ya sisi kuhamia mjini.

Mbuzi naye ni vivyo hivyo. Ndafu nzuri, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, inatoka kwa beberu aliyehasiwa akalishwa majani ndani ya banda kwa miezi. Aliyempanga mapema anajua mbuzi wake yuko kwa nani. Anayekwenda kumtafuta sokoni Himo siku mbili kabla anachukua aliyebaki, kwa bei ya muuzaji.

Sasa nifike kwenye lile linalomponza zaidi: kutangaza majina ya wasiotoa. Hapo ndipo anapoitwa mnoko, mdhalilishaji, mtu wa maneno. Nimeufikiria sana huo mtindo wake na naukubali. Ukoo usiotaja majina una kaka mmoja anayelipa kila kitu. Analipa kimya mwaka wa kwanza, analipa kimya wa pili, na mwaka wa tatu anasema yote mbele ya wakwe, mezani, watoto wakisikiliza. Ugomvi wa namna hiyo huchukua muda mrefu kupona, na kwetu hata likiletwa jani la sale la kuombea msamaha, kuna neno limeshasemwa. Kistari kwenye orodha kinauma kidogo, tena kinauma mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Na wanaomlaumu hawajui anachofanya nje ya grupu. Nimekaa naye kibarazani, kaunta buku mapajani, kalamu ya bluu ya waliotoa na nyekundu ya wasiotoa, akampigia mpwa aliyeachishwa kazi. Hakuulizia mchango. Aliulizia watoto, akaulizia mgongo wa mkewe, kisha akasema, "Wewe baba, mwaka huu utaniletea mchele wa huko uliko, kilo zozote utakazoweza. Usihangaike na hela." Alipokata simu akaandika "mchele" kwa kalamu ya bluu. Kesho yake orodha ilitoka, jina la yule kijana halina kistari, na hakuna aliyejua kwa nini. Yule kijana alikuja Krismasi. Pasipo simu ile angebaki mjini akisema ana dharura ya kazi, kama wanavyosema wengi wanaoona aibu kwenda nyumbani mikono mitupu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo ameuita Januari. Kabla hujaahidi kununua kreti za bia za kuonekana, anataka umwambie umeweka ngapi kwa ajili ya shule. Hata pale ambapo ada imefutwa, sare na madaftari havijafutwa, na wenye watoto kwenye shule za kulipia wanajua ankara inayowasubiri. Wapo waliomwambia hilo halimhusu. Linamhusu, kwa sababu wao ndio wanaompigia tarehe 6 Januari kuomba awakopeshe.

Nina shida moja tu na utaratibu huu: tumemwachia peke yake. Yeye anapanga malazi, nani alale na nani, magodoro yaazimwe kwa jirani yupi, bibi apewe dawa zake saa ngapi wageni wakiwa wengi. Kisha tarehe 24 ndiye anayesimama jikoni na mashangazi wengine mpaka usiku, wakati wanaume tumekaa mgombani tunasifia jinsi mipango ilivyokwenda vizuri. Kaka zetu wachukue ukurasa wa usafiri na ukurasa wa mbuzi kuanzia sasa. Madereva ni marafiki zao na kisu ni chao. Kudai michango tumwachie yeye, kwa sababu hakuna anayeiweza kazi hiyo kama yeye, ila kila anayetumiwa ujumbe ajibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba hana. Na ndizi za mtori mwaka huu wamenye vijana wa kiume waliotoka Dar. Wanaanza saa nane mchana, visu vipo, na majina yao ameshayaandika.