Sifa za Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Watu wa pwani wamesifu majahazi, minazi na mabibi, na wengine, kwa kukosa haya au kwa kutaka bakshishi, wamesifu hata matajiri mabahili; lakini kompyuta iliyokataa kuwaka, ambayo mwenyewe huibonyeza kwa kidole, kisha kwa ngumi, kisha kwa laana, haijapata msemaji. Nami, maadam kila mtu anaitukana, naona insafu yanitaka nisimame upande wake, niseme mbele ya kadhi yeyote kwamba katika vyombo vyote vya ofisini hakuna kilicho kiaminifu kuipita.

Shtaka lake kubwa ni kwamba imekula mafaili. Huo ni uzushi. Mla mafaili ni kompyuta nzima, ile inayowaka kila asubuhi kwa adabu na utii, kwani haitulii hata nukta moja: huandika, hufuta, kisha huandika tena juu ya ilichokifuta. Faili likifutwa katika diski ya zamani izungukayo, kiondokacho ni jina lake katika fahirisi, na maandishi yenyewe husalia yalipo, kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo, mpaka mengine yaje kuandikwa juu yake. Na Mmarekani Peter Norton alijipatia jina tangu mwaka 1982 kwa kuuza programu iliyojua kuyarudisha. Kompyuta isiyowaka haiandiki hata herufi. Basi amana iliyolala ndani yake hailindwi na kufuli wala askari, bali na uvivu wa mlinzi wake, na mlinzi huyo hadai mshahara.

Anayetaka ushahidi na atazame yaliyotokea Marekani mwaka 1998, katika studio ya Pixar, filamu ya Toy Story 2 ilipokuwa ikitengenezwa. Amri ya kufuta ilitolewa mahali pasipostahili, na mashine, kwa kuwa ilikuwa nzima na tiifu, ikaitimiza bila kuuliza: kofia ya Woody, mhusika mkuu wa filamu, ikatoweka, kisha buti zake, kisha Woody mwenyewe. Oren Jacob na wenzake wa studioni walipoyaona hayo walikimbilia simu, wakataka mashine ichomolewe umeme mara moja. Yaani dawa pekee waliyoijua ilikuwa kuigeuza ile mashine njema iwe kama hii ninayoisifu. Nakala za akiba nazo zikaonekana mbovu. Kilichoiokoa filamu ni nakala iliyokuwa katika kompyuta ya mwenzao Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Wakaizima, wakaifunga mablanketi, wakaibeba garini polepole, kwa taadhima ambayo kompyuta inayowaka haijapata kuonyeshwa.

Tena chombo hiki hakifichi maradhi yake. Pengine kompyuta ya mezani ikishindwa kuamka hutoa milio, na fundi mzoefu, kwa kuihesabu tu, hujua kama kinacholalamika ni ramu au kadi ya picha. Mtazame kazini: anaichomoa ramu, anayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kifutio kile kile cha mtoto wa darasa la pili, anaipuliza, anairudisha mpaka vishikizo vibane, tak, na mashine iliyokwisha kuombewa rehema inafungua macho. Siku nyingine ugonjwa ni wa ile betri ndogo ya volti 3, yenye umbo la sarafu, ambayo ikiisha kompyuta husahau tarehe na kujiona imerudi miaka mingi nyuma, neema ambayo wenzangu wa rika langu huinunua madukani kwa chupa bila kuipata.

Na ikiwa kilichoharibika ni Windows peke yake, fundi huchomeka flashi yenye mfumo wa Linux, kwa mtindo alioueneza Mjerumani Klaus Knopper alipotoa Linux yake ya Knoppix mwaka 2000, wakati huo katika sidii. Mashine huamkia flashini bila kuandika kitu diskini, na barua, hesabu za msikiti na picha za harusi huonekana zimekaa pale pale zilipoachwa.

Sitaficha aibu zake. Diski ikianza kugonga ndani, kila ikiwashwa huzidi kujikwaruza, ingawa hapo wa kulaumiwa ni yule anayeiwasha kila baada ya saa ili aone kama imepona. Diski za kisasa zisizozunguka hufagia upesi kilichofutwa, na kwa hizo sifa zangu zapungua makali. Nyingine zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hudai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenyewe huapa kwamba hajapata kuuona.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni haraka ya mwenye mali ikikutana na fundi mwenye foleni, akaambiwa, “Hii tuipige Windows tu, mzee, nusu saa.” Windows mpya ikipigwa hutandazwa juu ya yale yale yaliyohifadhiwa na ule uvivu mtukufu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku yako ikifika, kabla hujapatana bei, mwambie fundi ayatoe kwanza mafaili ayaweke katika diski nyingine, nawe uyafungue mbele yake moja moja. Hayo yakiisha, na apige Windows apendavyo.